Kuutia Kilimanjaro ndani ya gemu: tunza mita hadi mstari wa mwisho

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninajifunza Python, na ninatengeneza gemu ya kupanda Mlima Kilimanjaro kwa kutumia injini ya gemu ya Unity. Nimepakua faili la SRTM (vipimo vya kimo cha ardhi vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani) liitwalo S04E037.hgt, nikaandika programu ya kuligeuza liwe picha ya kijivu niipe injini ya gemu. Mwanzoni nilipata fujo tupu, vinukta vilivyotapakaa skrini nzima. Nikahangaika hadi mlima ukatokea, lakini umekatwa upande wa kaskazini, miteremko ina ngazi-ngazi, na mlima wenyewe umelala. Nikisimama Moshi ndani ya gemu siuoni ule mlima ninaoujua. Nikazidisha namba zote kwa 10 ili uinuke, kilele kikawa shimo. Ninakosea wapi? Na nikimaliza, ninaruhusiwa kuiuza gemu hiyo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umechagua kazi nzuri, na hizo hitilafu zako karibu zote zina mzizi mmoja: namba zako zimeacha kuwa mita mapema mno. Kila namba iliyomo ndani ya faili lile ni mita juu ya usawa wa bahari, mahali fulani panapojulikana duniani. Ukiigeuza kuwa rangi ya kijivu hatua ya kwanza, hatua zote zinazofuata unazifanya gizani, maana huwezi tena kuiuliza programu yako "Moshi iko mita ngapi?" ukapata jibu unaloweza kulipima. Kwa hiyo soma mita, unganisha mita, ziba mapengo kwa mita, pima mteremko kwa mita. Lugha ya injini ya gemu iache hadi mstari wa mwisho kabisa.

Tuanze na faili lenyewe. Data za SRTM zilikusanywa Februari 2000 na chombo cha anga Endeavour, katika safari ya siku 11. Kilibeba rada, na antena ya pili ikawekwa kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60 uliochomoza nje ya chombo. Tofauti ya mwangwi uliopokewa na antena hizo mbili ndiyo iliyotoa kimo cha ardhi. Nchi kavu karibu yote kati ya latitudo 60 Kaskazini na 56 Kusini ilipimwa. Toleo kamili lina nukta moja kila sekunde moja ya digrii (sehemu moja ya 3,600 ya digrii), yaani takriban mita 30, na kwa Afrika lilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tunapewa nukta moja kila mita 90, na mafaili hayo ya zamani bado yanazunguka mitandaoni, kwa hiyo hakikisha umepakua lipi.

Ukubwa wa faili ndio utakaokwambia. Faili la .hgt halina utangulizi wowote, wala jina la eneo, wala vipimo: ni namba tupu zilizopangwa mstari baada ya mstari, kila moja ikichukua baiti mbili. Likiwa na baiti 25,934,402, ni nukta 3601 kwa 3601, la mita 30. Likiwa na baiti 2,884,802, ni 1201 kwa 1201, la mita 90. Likiwa na idadi nyingine yoyote, upakuaji ulikatika njiani au bado limebanwa ndani ya zip.

Ile fujo ya mwanzo ilitokana na mpangilio wa baiti. Faili huweka baiti kubwa mbele, ilhali kompyuta nyingi tunazotumia husoma baiti ndogo kwanza. Chukua 5895, kimo cha kilele cha Uhuru: kwenye faili ni baiti 23 ikifuatwa na 7, maana 23 mara 256, jumlisha 7, ni 5895. Ukizisoma kinyume unapata 7 mara 256 jumlisha 23, yaani 1815. Hilo pekee lingekupotezea kilele tu. Balaa liko kwenye nukta jirani: 850 ikisomwa kinyume inakuwa 20995, na 851 inakuwa 21251. Mita moja ya tofauti imegeuka mita 256, na uwanda uliotulia ukawa msitu wa misumari. Ukiona fujo ya namna hiyo siku nyingine, usiende kutafuta kosa kwenye hesabu zako. Tazama mpangilio wa baiti kwanza. Katika numpy, maktaba ya Python ya kuhesabu namba nyingi kwa pamoja, alama ya ">i2" inamaliza kazi.

Kuhusu kukatwa kwa mlima, jina la faili hutaja pembe yake ya chini kushoto, yaani kusini-magharibi. S04E037 inaanzia latitudo 4 Kusini na longitudo 37 Mashariki, inapanda hadi latitudo 3 Kusini na kuishia longitudo 38 Mashariki. Kibo, kilele kikuu ambacho Uhuru ndiyo ncha yake, iko karibu latitudo 3.076 Kusini, kama kilomita 8 tu kusini ya ule mstari wa digrii 3. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mteremko wa kaskazini, pamoja na Loitokitok ya upande wa Kenya, imo kwenye faili la juu yake, S03E037. Mpaka wa mafaili umepita begani mwa mlima, na hakuna ujanja wa programu utakaorudisha nusu ambayo hukuipakua.

Ukishapata yote mawili, kumbuka yanashirikiana mstari mmoja. Mstari wa mwisho wa faili la kaskazini ndio mstari wa kwanza wa faili la kusini. Ukiyabandika bila kuondoa mmoja, mlima unapata kidaraja chenye upana wa mita 30 kinachokata ubavu wake, nacho ukishakizoea kwenye skrini hutakiona tena, wachezaji watakiona.

```python
import numpy as np

def soma_hgt(njia):
    namba = np.fromfile(njia, dtype=">i2")
    upande = int(round(namba.size ** 0.5))
    mita = namba.reshape(upande, upande).astype("float32")
    mita[mita == -32768] = np.nan
    return mita

kaskazini = soma_hgt("S03E037.hgt")
kusini = soma_hgt("S04E037.hgt")
bamba = np.vstack([kaskazini[:-1], kusini])
```

Sasa bamba lako lina mistari 7201 na nguzo (safu za wima) 3601. Mstari wa sifuri ni latitudo 2 Kusini, mstari wa mwisho ni latitudo 4 Kusini. Kibo itakuwa karibu na mstari wa 3873, nguzo ya 1272. Usiende mbele kabla ya kuuliza maswali matatu. Namba kubwa kuliko zote kuzunguka nukta hiyo iko karibu na 5895? Inaweza kuwa chini kidogo, kwa sababu kila nukta inawakilisha kipande kizima cha ardhi, si ncha ya jiwe. Je, Mawenzi, yenye mita 5149, iko mashariki ya Kibo kwa takriban kilomita 11? Ikiwa magharibi, umegeuza kushoto na kulia. Na Moshi, inayocheza kwenye mita 800 hadi 900, iko chini ya picha? Ikiwa juu, umegeuza kaskazini na kusini, kosa ambalo ni la kawaida sana kwa sababu faili huanza na mstari wa kaskazini wakati Unity huhesabu kuanzia chini. Maswali haya matatu yaandike ndani ya programu yenyewe, yajibiwe kila inapokimbia.

Umeona pale kwenye msimbo namba -32768. Hiyo ndiyo alama ya mahali ambapo rada haikupata jibu, mara nyingi kwenye magenge makali na mabonde yaliyofichwa na kivuli cha mlima. Matoleo mapya yamezibwa kwa data nyingine, kwa hiyo huenda usikutane nayo; ya zamani yana matundu. Muhimu ni mfuatano: ziba kwanza, kisha ndipo upunguze, ukuze au ulainishe. Ukilainisha kabla ya kuziba, lile tundu la mita elfu thelathini chini ya bahari litawavuta majirani wote, na badala ya tundu moja utapata kisima chenye kingo pana. Tundu dogo linazibika kwa kukadiria kutoka kwa majirani zake. GDAL, programu ya kushughulikia data za ramani, ina zana ya kazi hiyo, na scipy, maktaba nyingine ya Python, pia inatosha. Tundu kubwa lichukulie nukta zake kutoka chanzo kingine.

Nimezigeuza namba kuwa za desimali mara tu zilipoingia, na hiyo ndiyo dawa ya shimo lako. Namba kamili ya biti 16 yenye alama (inayokubali chanya na hasi) haiwezi kuvuka 32,767. Ukizidisha kwa 10, kila mahali palipozidi mita 3,276 panavuka kikomo hicho na kurudi upande wa hasi. 5895 ikawa -6,586. Ukitazama vizuri utagundua si kilele peke yake kilichozama. Sehemu yote ya juu ya mlima, kuanzia nyika ya juu ya msitu, imedondoka pamoja kwenye ukingo wa mviringo, na katikati ya shimo kuna kilima kidogo, ambacho ndicho Kibo. Numpy haikukuonya kwa sababu kwa namba kamili ndivyo inavyotakiwa kufanya.

Tuje kwenye ngazi. Zipo za aina mbili, na dawa zake ni tofauti.

Ya kwanza inatokana na picha ya kijivu ya kawaida, ambayo ina vivuli 256 tu. Tuseme ramani yako inaanzia mita 700 hadi 6000. Ukigawa mita 5,300 kwa hatua 255, kila hatua ni karibu mita 21. Hicho ni kimo cha jengo la ghorofa sita! Bila shaka mteremko wa Marangu utakuwa na ngazi. Tumia biti 16: mita zilezile 5,300 zikigawanywa kwa 65,535 kila hatua inakuwa sentimita 8, ndogo kuliko usahihi wa data yenyewe. Hapa uwe macho na zana unazopitisha picha, maana baadhi ya programu za picha hupokea PNG ya biti 16 na kuihifadhi kama ya biti 8 bila kusema neno. Na JPEG usiiguse kabisa kwa kazi hii. Hutupa taarifa ili kuokoa nafasi, na kilichotupwa hapa ni ardhi.

Ngazi ya pili ni ya hila zaidi. SRTM inatoa mita kamili, bila desimali. Kwenye uwanda wa chini ya Moshi, ardhi inaweza kushuka mita moja katika nukta kadhaa, yaani mita mia au zaidi. Ukikuza ramani ili nukta ziwe karibu-karibu, uwanda huo unakuwa meza bapa zenye vidaraja vya mita moja moja. Biti 16 hazitakusaidia, kwa kuwa desimali hazikuwepo tangu mwanzo. Lainisha kidogo kwa kichujio cha Gauss, kinachochanganya kila nukta na majirani zake, ukikitumia kwa nguvu pale ardhi ilipo tambarare na ukikipunguza kwenye miteremko mikali, la sivyo utakwangua kingo za Mawenzi ambazo ndizo uzuri wake. Ukikuza, tumia ukadiriaji wa mistari au wa mikunjo, si ule wa kunakili jirani wa karibu.

Sasa kata dirisha. Unity hutaka ramani ya miinuko yenye upande wa nguvu ya mbili ukiongeza moja: 513, 1025, 2049, 4097. Nakushauri 2049, ukiweka Kibo katikati. Kwa latitudo hii nukta moja ni kama mita 30.7 kwenda kusini na mita 30.9 kwenda mashariki, kwa hiyo unapata eneo la karibu kilomita 63 kwa 63: Moshi mjini inaingia ukingoni kabisa mwa kusini, Loitokitok inaingia, Machame na Marangu zimo.

```python
CHINI, JUU = 700.0, 6000.0
dirisha = bamba[2849:4898, 248:2297]
assert not np.isnan(dirisha).any()
sehemu = np.clip((dirisha - CHINI) / (JUU - CHINI), 0, 1)
sehemu = np.flipud(sehemu)
np.round(sehemu * 65535).astype("<u2").tofile("kibo.raw")
```

Faili litakalotoka liwe na baiti 8,396,802 kamili. Unapoliingiza Unity, chagua biti 16 na mpangilio wa baiti wa Windows. Ukiona Moshi imekwenda kaskazini, basi umegeuza mara mbili, ondoa mstari wa flipud, ule unaogeuza ramani juu chini. Angalia pia kwamba CHINI na JUU nimeziandika kwa mkono. Watu wengi huchukua kimo kidogo na kikubwa cha dirisha lenyewe, na kwa ramani moja hakuna ubaya. Lakini siku utakapoongeza kipande cha pili, tuseme Upare ya kaskazini na Bwawa la Nyumba ya Mungu, kila kipande kitakuwa na kipimo chake, mipaka haitakutana, na utaona ukuta umesimama kati ya Moshi na Mwanga. Mipaka miwili ya kudumu kwa dunia nzima ya gemu yako, na ikae kwenye faili la mipangilio.

Hili la kulala kwa mlima ndilo gumu, na ndilo ninalotaka ulifikirie kwa muda, maana hapa programu haikukosea. Kutoka Moshi hadi Kibo ni kama kilomita 30 za ardhini, na unapanda takriban mita 5,000. Gawanya: mteremko wa wastani ni 0.168, ambao ni pembe ya digrii 9 na nusu. Kilimanjaro ni mlima mpana uliojengwa na volkano tatu, Shira, Mawenzi na Kibo. Ukubwa wake hautokani na wima. Kamera ya Unity huanza na uwanja wa kuona wa digrii 60 kwa wima, na kwa kamera hiyo mlima kutoka Moshi unachukua karibu sehemu moja ya saba ya kimo cha skrini. Jicho la mtu halitazami hivyo. Linapoelekea mlima, linabana. Kwa hiyo kabla ya kugusa namba yoyote, punguza uwanja wa kuona hadi digrii 35: mlima uleule utapanda hadi zaidi ya robo ya skrini, na hujadanganya hata mita moja. Kisha ongeza ukungu mwembamba wa masafa, na tandaza mawingu kwenye usawa wa msitu kilele kikitokeza juu yake, kama watu wa Moshi wanavyoiona Kibo asubuhi nyingi. Ukubwa mwingi wa mlima huo machoni petu unatoka hapo.

Baada ya hapo ndipo uamue vipimo. Ukiuweka mlima kwa ukubwa wake halisi, mchezaji anayekimbia mita 5 kwa sekunde atahitaji saa moja na dakika 40 kwa mstari ulionyooka kutoka Moshi hadi Kibo. Zaidi ya hilo, Unity huhifadhi mahali pa vitu kwa desimali za biti 32, na ukifika kilomita 63 kutoka kitovu, hatua ndogo kabisa inayowezekana ni kama milimita 4. Mikono ya mhusika itaanza kutetemeka. Kwa gemu yako ningependekeza moja kwa kumi: upana 6,325, urefu 6,290, kimo 530. Nukta za mita 30 zinakuwa za mita 3, na ile data iliyoonekana haina undani inatosha ghafla. Kumbuka tu kusogeza mpaka wa mbali wa kamera, ambao Unity huuweka mita 1,000. Kibo iko mita 3,000 kutoka Moshi yako mpya.

Ukitaka bado kuutia mlima chumvi, fanya hivyo kwa kubadilisha kimo ndani ya Unity, kwa mfano 795 badala ya 530, yaani mara moja na nusu. Usiibadilishe data. Na fahamu gharama yake: chumvi haipandishi kilele peke yake, inakaza kila mteremko. Mahali penye digrii 35, ukiongeza mara mbili, panakuwa digrii 54, na mhusika wa Unity kwa mpangilio wa kawaida hakwei zaidi ya 45. Njia ambazo wapagazi hupita kila siku zitafungwa kwenye gemu yako bila wewe kujua. Mimi nisingevuka mara moja na nusu.

Hapo ndipo utashukuru kwamba ulitunza mita. Ramani ya mteremko, ile inayoamua wapi kuwe na mwamba na wapi nyasi, ipime kwenye mita halisi kabla ya chumvi, ukitumia 30.7 na 30.9 kama umbali kati ya nukta. La sivyo kila utakapobadilisha kimo, majabali yatahama. Kwa uoto, Kilimanjaro inakurahisishia kazi kuliko mlima mwingine wowote ninaoufahamu, kwa sababu kanda zake zimepangwa kwa kimo: vihamba vya migomba na kahawa hadi kama mita 1,800, msitu wa mvua hadi 2,800, vichaka na nyika hadi 4,000, jangwa la mawe hadi 5,000, kisha barafu na majivu. Usiiweke mipaka hiyo kama mstari wa rula. Ivuruge kwa mita mia moja huku na huku, na upande wa kusini ufanye wa kijani zaidi kuliko wa kaskazini, kwani mvua nyingi huangukia kusini. Barafu nayo ichore mwenyewe kutoka picha za setilaiti za karibuni, kwa sababu imepungua sana tangu mwaka 2000.

Yapo mambo ambayo data hii haina na usiyatafute humo. Kila nukta ina kimo kimoja tu, kwa hiyo hakuna pango wala mwamba ulioning'inia. Ukuta wa Barranco, ambao mpandaji huupanda kwa mikono, kwenye nukta za mita 30 unakuwa mteremko mkali tu. Inabidi uuchonge kwa mkono au uweke maumbo ya mawe juu yake. Rada haikufika chini kabisa ya msitu, kwa hiyo kwenye ukanda wa msitu ulichopata ni kitu kilicho kati ya ardhi na vilele vya miti, na utakiona kama kidaraja pale msitu unapokutana na mashamba. Kwa gemu ya moja kwa kumi sitasumbuka nacho. Lainisha ukingo huo uendelee. Na ukipanua ramani hadi Ziwa Jipe au Ziwa Chala, namba utakazopata ni za uso wa maji, siyo za sakafu yake. Chimba bonde wewe, kisha weka maji juu kama kitu kinachojitegemea.

Iwapo siku moja utataka kuuhamishia mlima kwenye gemu ya matofali, programu ileile inatosha, ukibadilisha mstari wa mwisho tu. Minecraft tangu toleo la 1.18 ina matofali 384 kutoka chini hadi juu. Nukta moja ikiwa tofali moja, kila tofali ni mita 30, na mita 5,300 zinakuwa matofali 177. Ukihesabu wima kwa mita 15, zinakuwa 353, chumvi ya mara mbili iliyoenea vizuri ndani ya kikomo. Luanti, iliyojulikana zamani kama Minetest, inaruhusu takriban matofali 31,000 juu na chini ya sifuri, kwa hiyo kule Kibo inaweza kusimama kwa mita zake zote.

Neno moja kwa watakaoitumia programu hii mbali na ikweta. Kwetu nukta ni karibu mraba kamili, na ndiyo maana sijakuambia ubadilishe makadirio ya ramani. Ben Nevis ya Uskochi, kwenye latitudo 56.8, ina nukta za mita 30.9 kwenda kaskazini na mita 17 tu kwenda mashariki. Ukiichukua ilivyo, mlima utatanuka karibu mara mbili kwa upana. Huko lazima uanze kwa kuigeuza data iwe kwenye gridi ya mita, kama UTM (mfumo wa ramani unaopima mahali kwa mita badala ya digrii), na GDAL hufanya hivyo kwa amri moja.

Kuuza, ndiyo, unaweza. Data za SRTM ni mali ya umma. Unahitaji akaunti ya bure ya NASA ili kupakua, na ni uungwana kutaja chanzo. Ukitaka data mpya na safi zaidi, Copernicus, mradi wa Ulaya wa kuitazama dunia kutoka angani, wana data ya miinuko iitwayo GLO-30, iliyotokana na setilaiti za rada za Ujerumani zilizopima kati ya 2011 na 2015. Inaruhusiwa kwa biashara mradi uandike tamko la chanzo wanalolitaka, na mafaili yake ni GeoTIFF (picha zinazobeba mahali pake duniani) zenye desimali, kwa hiyo soma_hgt haitafaa, tumia rasterio, maktaba ya Python ya kuyasoma. Kuna pia FABDEM, iliyotengenezwa kutoka hiyohiyo ya Copernicus kwa kuondoa miti na majengo. Ingekufaa sana kwa ule ukanda wa msitu, lakini leseni yake ya wazi inakataza biashara. Ukiichanganya hata kwenye kipande kimoja cha ramani, gemu nzima inaingia kwenye sharti hilo, kwa hiyo amua sasa, kabla hujaanza kuchora vihamba vya Machame juu yake.